Folda ya Kiamunyi Iliyokataa Jina Jipya

Nikiwaambia hii mtacheka, na mna haki, kwa sababu hata mimi nikipita Kiamunyi siku hizi huwa naangalia upande ule mwingine wa barabara.

Kazi yangu ni kukodisha hema na viti vya harusi hapa Nakuru. Picha za kazi naziweka kwa kompyuta, kila mteja na folda yake, ila wateja siwaandiki majina yao, nawaandika kwa vile walivyonitesa wakati wa bei. Mama Njeri, aliyekuwa anaozesha binti yake, alinishikilia kwa simu wiki nzima juu ya viti mia tatu (nimevihesabu mara mbili, kimoja kina mguu mbovu, na huo mguu mmoja akautumia kunishusha bei ya vyote), basi nikamwandika MATHE MKONO BIRIKA na nikaona nimelipiza.

Jumamosi nikaitwa kwake Kiamunyi nionyeshe kamati picha za hema kwa televisheni yao kubwa, ndio waamue kama kazi ni yangu au ya yule jamaa mwingine wa hema za zambarau. Watu kumi na mmoja. Nikahesabu tena: kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja wa upande wangu. Waya ilikuwa fupi, kwa hivyo nikakaa kwa stuli karibu na televisheni, mgongo kwa kioo, uso kwa kamati. Kioo kilikuwa samawati tu, na kaka yake Mama Njeri, Mzee Karanja, mwenyekiti wa kamati, akawa anafinya rimoti. Nikafungua picha moja nione kama kompyuta imeamka vizuri, nikaishusha chini, na hapo ndipo nikaliona jina la folda.

"Mnipe dakika moja," nikasema, nikaandika HARUSI YA NJERI. Ikakataa. Kuna maneno yalitokea, nikayafunga bila kusoma (mjanja kama mimi asomeshwe na kompyuta?). Nikaingia kwa mipangilio ya folda, nikakuta kale kasanduku ka "Read-only", yaani ya kusoma tu, kamejazwa. Aha! Nikakatoa, nikafunga. Kufungua, kamerudi. Nikakatoa tena. Kamerudi tena, kama kuku wa jirani.

Nikaandika MATHE MPENDWA. Ikarudi MATHE MKONO BIRIKA. Nikaandika MAMA MHESHIMIWA. MATHE MKONO BIRIKA.

Hapo nikainua macho. Kamati nzima ilikuwa inaangalia juu ya kichwa changu, midomo ikisonga polepole kama ya watu wanaosoma.

"Wafula," Mama Njeri akasema, sauti tamu kabisa, "imekwambia mara tatu ufunge ile picha uliyofungua. Sisi wote tumesoma. Ni wewe tu hujasoma."

Nikageuka. Mzee Karanja alikuwa ameweka rimoti chini. "Televisheni ilishika kitambo," akasema. "Tulikuwa tunangoja tuone ni jina gani litashinda."

Nikafunga picha, nikaandika HARUSI YA NJERI, ikakubali papo hapo, na kasanduku bado kamejazwa! (Kumbe hako hakazuii kitu, kanakaa hapo kuchosha watu tu.)

"Rudisha," Mama Njeri akasema.

"Mathe, pole sana, sikuwa na..."

"Rudisha jina langu. Halafu sasa tuongee bei."

Jameni, utabishana bei aje na mtu wakati jina ulilompa liko ukutani kwake, kubwa kuliko picha ya harusi yake mwenyewe? Kazi nilipata, ndio, lakini zulia jekundu, hema la maharusi na usafiri vilienda bure.

Siku hizi folda zangu ni Mteja wa Kwanza, Mteja wa Pili, na kompyuta ikinitolea maneno nayasoma mpaka nukta. Mama Njeri naye, kwa wema wake, amenitafutia wateja watatu, na wote wakipiga simu wanaanza vilevile: "Niaje boss, hii ni namba ya Kiti Kibovu?"

Najibu, "Ndiye mimi." Nitafanya nini? Jina ambalo liko kwa simu ya mtu mwingine huwezi kulibadilisha, hata ukifunga picha zote.