Kifundo cha Ondreji

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mkuu alinikabidhi ndoo ya maji ya vuguvugu na bandeji za plasta. "Bi Asha," akaniambia, "hapa Pemba msimu wa karafuu ndio msimu wetu. Watu wataanguka mikarafuuni, nawe utawafunga." Ndivyo ilivyokuwa. Nilianzia Wete, nikahamishiwa Mkoani, kisha nikarudi Wete hadi nilipostaafu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza mguu huzungushiwa pamba, ndipo bandeji yenye unga wa jasi huloweshwa na kuviringishwa juu yake. Ikishika, unabonyeza kucha za vidole. Weupe ukiondoka na wekundu ukarudi, damu inapita. Usiporudi, umekaza mno.

Karibu na kustaafu kwangu aliletwa mgeni mwenye mvi, Mslovakia, aliyeteleza kwenye mawe akitoka kuogelea. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Kwangu alikuwa mtalii tu. Lakini alipopitishwa wodini kwa kiti cha magurudumu, Mzee Faki, mchumaji karafuu aliyelazwa mguu umening'inizwa, akajiinua kwa viwiko.

"Huyo Ondreji," akasema. "Mguu huo huo ulifunga bao kutoka mbali, kipa hata mkono hakuinua."

Daktari Mfawidhi, mkuu wetu, akamfasiria mgeni, naye akapigwa na butwaa. "Kwetu siku hizi hata jirani hanikumbuki. Wewe umenijulia wapi?"

"Mtaani kwetu televisheni ilikuwa moja. Tuliijaza nyumba ya watu mpaka dirishani. Mwanangu wa pili nilitaka kumpa jina lako, mamake akakataa."

Wodi nzima ikacheka. Haikufika adhuhuri, dirisha langu limejaa watu: wachuuzi wa sokoni, walimu, hata wavuvi wa Msuka waliokuja kuuza samaki. Nikamwomba Daktari Mfawidhi amfunge yeye, mimi nachelea kuuharibu mguu wa watu.

"Bi Asha," akanijibu, "mfunge kama unavyomfunga mchumaji. Mfupa haujui kandanda."

Akauvuta mfupa ukakaa mahali pake, nami nikafunga. Nikabonyeza kucha, wekundu ukarudi. Ondreji akanishika mkono, akatamka Kiswahili alichofundishwa na Mzee Faki: "Ahsante, mwanangu." Nami nadhani tulikuwa rika moja.

Chakula cha hospitali hakukigusa. Wake wa wagonjwa walimletea pweza na mikate ya kumimina, wakamsimamia mpaka amalize.

Sasa nimestaafu. Niliowafunga hunisimamisha sokoni, wakaniulizia hali ya Ondreji kabla ya kunisimulia miguu yao. Sioni wivu. Mtu alicheza mpira nchi ya theluji, akafurahisha watu asiowajua, na furaha ile bado wanayo.

Ramadhani iliyopita Mzee Faki alinionyesha video aliyotumiwa kwenye simu ya mwanawe. Ondreji yuko kiwanjani na wazee wenzake, anapiga mpira kwa mguu wa kushoto. Waliotuzunguka wakashangilia bao. Mimi sikuliona. Nilimwomba Mzee Faki airudishe nyuma, nikakitazama tena kile kifundo. Kimenyooka.