Mkono Uliopita Pembeni

Miaka ile ya ruksa, sabuni na sukari ziliporudi madukani na kila mwenye gunia la mahindi akajiita mfanyabiashara, mume wangu alipoteza jicho la kushoto. Tulikuwa tunapiga mahindi uani kwetu Kizwite, punje ikaruka, ikampata. Jicho lilibaki mahali pake ila halikuona tena. Daktari alituambia kwamba lile lililobaki lingemwonyesha kila kitu, lakini kujua kitu kiko mbali kiasi gani ni kazi ya macho mawili.

Sikumwelewa mpaka tuliporudi nyumbani. Mume wangu alimimina chai, ikaenda mezani. Aliinua mguu kabla hajafika kwenye kizingiti. Hayo tuliyazoea. Nilimfundisha kugusisha kwanza mdomo wa chupa ya chai kwenye kikombe, nikamtania kwamba nimeolewa upya na bwana mgeni wa chai.

Kilichomshinda ni watu. Akinyoosha mkono kusalimia, unapita pembeni au unaishia hewani. Akitaka kuzungumza na mtu, anamsogelea mno, mtu anarudi nyuma. Na Sumbawanga yetu maneno hayachelewi. Wengine walisema analewa tangu asubuhi, wengine kwamba ana maringo tangu aanze kuuzia mahindi wenye malori. Niliwatukana wawili watatu pale sokoni, wala sijutii.

Yeye hakumtukana mtu. Aliacha kwenda sokoni, akaacha harusi, mwisho akaacha hata kukaa barazani. Mtu aliyekuwa akichelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya kusalimia njia nzima! Niliumia kuliko siku ya ile punje.

Ndipo binti yetu akapata mchumba, na wazazi wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kutoka Kaengesa. Mume wangu akaniambia nimwite kaka yake apokee wageni.

"Mama watoto, nikimkosa mkwe mkono mbele ya watu, watasema binti katoka kwa mlevi. Niache ndani."

Binti alimsikia. Akasema kama baba hatoki, wageni wasije, na yeye haolewi. Alilia huku akichambua mchele.

Siku ilipofika, wageni waliingia uani, baba wa kijana mbele, mkono tayari. Mume wangu akatokea mlangoni amevaa koti lake la mtumba. Hakuwasogelea. Alichuchumaa palepale, akaanza kupiga makofi ya taratibu, ile salamu ya Kifipa aliyokuwa akimpa bibi yake utotoni, ambayo sisi wa mjini tulikuwa tumeiacha tukidhani kupeana mkono ndio ustaarabu.

Baba wa kijana aliushusha mkono wake. Akachuchumaa naye, kisha mkewe, kisha wote waliofuatana nao, ua mzima ukawa makofi. Mama wa kijana aliniambia hajapokewa kwa heshima namna ile tangu alipoolewa. Binti yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, anacheka na machozi yanamtoka.

Wageni walipoondoka tulibaki wawili uani. Mume wangu akanyoosha mkono kunishika, ukapita pembeni. Sikusogea, niliungoja. Ukarudi, ukanigusa kidevu kwanza, kisha shavu, na hapo ndipo nilipolia mimi.