Mama wa Khalil, Mama Sifuna

Mzee Gicheru alipomwajiri Phelista kufua na kupiga deki, alimwuliza swali moja tu: "Wewe ni mama nani?" Phelista akajibu "Mama Sifuna" kabla hajafikiri. Hakuongeza kwamba Sifuna mwenyewe alikuwa amezikwa nyuma ya migomba kule kijijini Bokoli, mwaka wa pili sasa. Kazi Kitale ni za kutafuta kwa tochi, na hakuna anayetaka kuajiri mtu aliyebeba msiba.

Sifuna alikuwa mtoto wake wa pekee. Malaria ilimmaliza kwa siku tatu, akiwa na miaka minne. Phelista na mumewe Wabwile waliporudi kwao Kipsongo, mtaani Kitale, kutoka mazishini, aligundua kwamba jina nalo lilikuwa limeanza kuzikwa. Mwuza mboga aliyemwita Mama Sifuna kila asubuhi sasa alimwita "kastoma". Kanisani akawa Dada Phelista. Wabwile, fundi wa baiskeli asiye na maneno mengi, akawa anamwita "wee". Walikuwa wanamhurumia, tuseme ukweli, waliogopa kumtonesha kidonda. Lakini huruma yao ilimkata maini kuliko matusi. Walibaki wawili tu waliomwita vile: mama mkwe wake Wilkista, alipopiga simu kutoka Bokoli, na huyu mzee asiyejua lolote.

Mzee Gicheru alikuwa karani mstaafu, mjane, na mgonjwa wa sarafu kuukuu. Pensheni yake nusu ilikuwa imeishia huko, na wanawe walishachoka kumsema. Sasa macho yalikuwa yamefifia, kwa hiyo Phelista akimaliza deki alikaa naye mezani kumsomea vikaratasi vilivyobandikwa kwenye trei. Sarafu zenyewe zilikuwa za fedha, nyembamba, za masultani wa Kiislamu waliotawala zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Maandishi yake ya Kiarabu yalikuwa yamelika, na hata kama yangekuwa mapya asingeyajua.

Siku moja alifika kwenye sarafu ya al-Salih Ayyub, sultani wa Misri. Kando yake palikuwa na nafasi isiyo na sarafu, ila picha iliyokatwa kutoka gazetini.

"Hiyo sina, na sitawahi kuwa nayo," Mzee alisema. "Ziko chache sana dunia mzima. Ni ya bibi ya huyo Ayyub. Shajar al-Durr."

"Ati mwanamke alikuwa sultani?"

"Siku themanini hivi. Bwana alikufa katikati ya vita, huyu mama akaficha kifo ndio jeshi isivunjike moyo. Na alikuwa ameletwa huko kama mtumwa. Baadaye hao askari wakamweka yeye kwa kiti. Soma nyuma, sheikh mmoja hapa mjini alinitafsiria."

Phelista akageuza picha. "Malkia wa Waislamu, mama wa mfalme Mansur Khalil." Akatafuta tena. "Na jina lake mwenyewe?"

"Hakuweka. Siku hizo mtawala ni yule jina yake inasomwa msikitini Ijumaa na iko kwa sarafu. Yeye akajiita mama ya Khalil."

"Kwa hivyo huyo Khalil ndiye alikuwa mfalme?"

"Khalil alikuwa amekufa zamani. Alikufa akiwa mtoto mdogo."

Phelista alilia palepale mezani, kilio ambacho hakukilia mazishini kwa sababu siku ile alikuwa amekufa ganzi. Kisha akamweleza Mzee yote. Mzee Gicheru alipapasa ukingo wa trei.

"Sasa nikuite nani?" aliuliza mwishowe.

"Vile umekuwa ukiniita, Mzee."

"Sawa, Mama Sifuna."

Tangu hapo, kila wiki Phelista aliitazama ile picha. Alimwonea fahari Shajar al-Durr kama dada aliyepita mtihani. Mwanamke mwenye nchi nzima, angeweza kujiita chochote, akachagua jina la marehemu wake, na watu wakalibeba sokoni kununua mkate. Ila hakufurahia mwisho wake. Khalifa wa Baghdad alikataa mwanamke, Mzee alimwambia, wakamwoza kwa jemadari mmoja, na kiti kikaenda kwa bwana. Sarafu mpya zikatoka na majina mengine.

"Na zile za mama Khalil?"

"Nyingi ziliyeyushwa, nadhani. Fedha ni fedha."

Mwezi wa tano, Wilkista alipiga simu. Hakumpigia Phelista, alimpigia Wabwile. Edinah, mke wa mdogo wake Wabwile, alikuwa amejifungua mvulana, na mtoto alilia siku tatu akikataa ziwa. Kina mama wakafanya kama ilivyo kwao: wakamwitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka akubali moja. Walipotaja Sifuna, alinyamaza na kunyonya.

Wabwile alipomweleza, Phelista alikataa papo hapo. "Hapana. Hiyo ni ya mtoto wangu."

"Ni jina ya ukoo," Wabwile alisema, macho yake kwenye gurudumu. "Kabla ya mtoto, ilikuwa ya babu. Kwani uliinunua?"

Jumamosi alipiga moyo konde akaenda Bokoli peke yake, ameshaamua kukataa. Hakupita kwanza kaburini, aliogopa nguvu zingemwishia. Aliwakuta Edinah na Wilkista sebuleni, mtoto amefungwa shuka. Hakuna aliyemwita kwa jina lolote. Walimsalimia tu.

"Mama," akamwambia Wilkista, "siku hiyo mlikuwa mnaita nani? Babu ama mtoto wangu?"

"Mimi niliita babu," Wilkista alijibu. "Lakini ni nani alikuja, siwezi jua. Wewe ndio ulizaa Sifuna wa mwisho. Ukikataa tutatafuta ingine. Atalia, lakini tutatafuta."

Edinah alimnyooshea mtoto kwa mikono miwili, naye Phelista akampokea kwa sababu mtu akinyooshewa mtoto humpokea. Alikuwa mwepesi, sauti imekauka kwa kulia. Phelista alimtafuta mwanawe katika uso ule, kwenye paji, kwenye kidevu, na hakumwona mahali popote. Masikio yalikuwa ya Edinah.

Mtoto akaanza kulia. Edinah akambembeleza, Wilkista akaimba kidogo, lakini jina moja lililoweza kumtuliza hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya Phelista. Wote wawili walitazama chini. Kilio kikazidi, miguu midogo ikisukuma tumbo la Phelista.

"Sifuna," akasema.

Mara ya mwisho kulitamka jina lile kwa kumwita mtu alikuwa ameinama ukingoni mwa shimo. Mtoto alitulia. Phelista alilia bila sauti, machozi yakiloanisha shuka, na alijua asingeweza tena kukataa.

"Kaeni nalo," akamwambia Edinah, akamrudishia mtoto.

Wilkista alifuta uso kwa leso, akaenda jikoni. Mtoto alianza kunyonya. Baada ya muda sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni, ile ile ya kwenye simu:

"Mama Sifuna, kuja uchukue uji."

Phelista alikuwa ameshasimama alipokumbuka kwamba uji ni wa mzazi aliyejifungua. Edinah hakuitika, jina lilikuwa bado geni kwake. Wilkista akaita mara ya pili.

Phelista akamgusa begani.

"Edinah," akasema, "ni wewe anaita."