Sista Namuria na Wagonjwa Wasiorudi

Kaaleng, kaskazini ya Turkana, ndiko alikozaliwa Namuria Akoru mwaka 1969, katika boma la wafugaji. Aliweka nadhiri za utawa mwaka 1991, na shirika lake likampeleka kusomea udaktari. Mwaka 2006 alirudi Lodwar akiwa bingwa wa upasuaji wa mifupa na mtafiti.

Utafiti wake ulihusu mfupa wa muundi uliovunjika. Alidai kwamba vyuma vinavyoushikilia vingeweza kutolewa baada ya wiki nane badala ya miezi mingi. Kati ya wagonjwa 112, aliandika kwamba 97 walipona. Ripoti ikasifiwa, na hospitali moja ya Kakuma ikaamua kuanza kuifuata. Wa kwanza angekuwa Nyabol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyevunjika muundi, ambaye riziki yake ilikuwa cherehani ya kukanyaga. Upasuaji ulipangwa Jumanne moja ya Machi 2016.

Siku sita kabla, Sista alipita Kainuk, akamkuta Lokuruka, mmoja wa wale 97, akichechemea nyuma ya mbuzi wake. Muundi ulikuwa ukitoka usaha.

"Ejok, Sista. Umekuja kuona mguu ama mbuzi?"

"Mbona hukurudi kliniki?"

"Malisho iliisha, tukahama. Kwani ulifikiri nimepona?"

"Niliandika hivyo."

Lokuruka akacheka. "Basi mguu ya karatasi imepona. Hii yangu bado."

Binti wa wafugaji alikuwa amesahau kwamba wafugaji huhama: kila asiyerudi alimhesabu kuwa mzima. Aliwatafuta wengine watano kabla ya Jumatatu. Wawili mifupa yao ilikuwa imeoza.

Mwenzake, Daktari Erupe, alimsihi angoje. "Sista, ukifuta ripoti, nani atatuamini tena?"

"Kesho Nyabol analala mezani," alijibu. "Atalala juu ya hesabu yangu."

Barua ya kuifuta ripoti aliituma jioni hiyo. Asubuhi, huko Kakuma, alimweleza Nyabol yote mwenyewe.

"Sasa kama wewe umekosea, nani atanikata?"

"Mimi, ukikubali. Vyuma vitakaa mpaka picha ionyeshe mfupa umeunga."

"Kata. Angalau wewe umesema."

Vyuma vilikaa miezi kumi na mmoja, na Nyabol akarudi kwenye cherehani yake. Wafadhili walijitoa, na mikutano ya madaktari ikaacha kumwalika. Kwa miaka saba Sista aliwafuata wagonjwa wake visimani na malishoni, akawapasua upya waliohitaji. Lokuruka alipoteza mguu. Sista alilitaja jina lake katika sala kila siku, wala hakujitetea.

Alifariki Lodwar mwaka 2023, kwa saratani ya ini. Wapo wasemao kwamba waliponea kaburini pake. Kanisa halijalichunguza hilo, nasi hatuongezi neno. Linalojulikana kwa hakika latosha kuigwa: alikiri kosa lake wakati ambapo bado kulikuwa na mtu wa kuokolewa.