Ukuta wa Nne wa Zahanati ya Lipembe

Notburga hakosi kipindi cha maswali na majibu bungeni. Wenzake huko milimani Mbinga watakupa matokeo yote ya Ligi Kuu. Yeye atakupa majibu ya manaibu waziri, na nani alikohoa kabla ya kujibu. Msimu wa kuchuma kahawa huning'iniza simu yake kwenye tawi la mbuni, sauti juu mpaka mwisho, na ole wake atakayepita hapo akiimba.

Asubuhi moja ya Juni, ukungu bado umelala mabondeni, Spika alimwita mbunge wa jimbo lao. Mbunge akasimama, akauliza: ni lini Serikali itakamilisha boma la zahanati ya kijiji cha Lipembe, ambalo wananchi wamelijenga kwa nguvu zao hadi kufikia lenta?

Kikapu kilimtoka Notburga mikononi, kahawa ikatapakaa chini. "Lipembe! Tumetajwa Dodoma!" Mumewe Adrian, mtu ambaye maneno huyatoa kwa kupimapima, alikuja mbio na panga akidhani ni nyoka.

Furaha ile ilikuwa na mizizi mirefu. Katarina, mtoto wa pili wa Notburga, alizaliwa njiani, kwenye mteremko wa kuelekea hospitali, mvua ikinyesha, wabeba machela wamegeuka na kumpa mama mgongo kwa heshima. Mama na mtoto walipona. Jirani aliyebebwa mwaka uliofuata hakupona, na Notburga ndiye aliyemfunga kidevu alipokata roho. Tangu siku hiyo kila mkutano wa kijiji alikuwa anasimama kuuliza habari ya zahanati, mpaka wanaume wakachoka, wakaona dawa yake ni kumpa uenyekiti wa kamati ya ujenzi anyamaze. Walijidanganya. Alichukua uenyekiti na hakunyamaza.

Kwenye simu, Naibu Waziri alianza kwa utaratibu wao: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Akasema Serikali inatambua kazi nzuri ya wananchi, na kwamba mwaka huu itapeleka fedha za umaliziaji kwa maboma yote yaliyofikia lenta. Mbunge naye hakukaa kimya. Pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, akauliza kwa nyongeza, je, yuko tayari kufuatana naye hadi Lipembe akajionee mwenyewe?

"Niko tayari," Naibu Waziri akasema, "mara tu baada ya Bunge hili."

Notburga alipiga kigelegele kilichovuka bonde na kurudi. Akaanza cha pili, akakikatisha katikati. Lenta? Lenta ipi?

Ukweli wa boma la Lipembe ulikuwa hivi. Wamatengo hukaa kwa ntambo, yaani mgongo mzima wa mlima, kutoka kileleni hadi kijitoni, ambao ukoo mmoja huulima na kuuishi. Lipembe ina migongo minne. Zahanati ilipoanza, kijiji kiligawana kazi kama kinavyogawana kila kitu: kila mgongo ukuta wake. Kuta tatu zilipanda kwa mashindano hadi usawa wa lenta. Wa nne, wa watu wa Ndembo, uliishia kiunoni, ukaota majani. Na lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta zote juu ya milango, haimwagwi juu ya kuta tatu.

Watu wa Ndembo walikuwa wamesusa, na sababu ni mlango. Uliwekwa ukitazama mgongo wa Kihulu, kwa hiyo ukuta wa Ndembo ukawa wa nyuma. "Sisi mmetupatia karo la maji machafu na njia ya chooni," alisema Mansuetus, mkubwa wa ukoo wa Ndembo, akaondoka na mwiko wake. Mansuetus ni kaka yake Notburga, na Kihulu ndiko Notburga alikoolewa. Kwa hiyo ugomvi wa kijiji ulikuwa pia ugomvi wa familia, nao wote walikuwa na vichwa vigumu vya baba yao.

Sasa nani alimwambia mbunge kwamba lenta ipo? Notburga alishuka hadi ofisi ya kijiji akamkuta Lusekelo, mtendaji aliyehamishwa kutoka Mbeya, uso umemsawajika.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, lakini leo sina nafasi ya marahaba. Lenta imetoka wapi?"

"Ofisi ya mbunge ilinipigia nikiwa njiani. Nikamuuliza mzee wa kwanza niliyekutana naye boma limefika wapi. Akasema lenta."

"Mzee wa mgongo gani?"

"Wa Kihulu."

Notburga alijishika kichwa, kisha akacheka mwenyewe. Mtendaji alikuwa bado mgeni. Kwa nini asiulize watu wanne? Lipembe ukimuuliza mtu jengo limefika wapi, anakujibu ukuta wake. Yule mzee hakusema uongo hata kidogo.

Kicheko hakikudumu. Siku chache baada ya Bunge kuahirishwa simu iliita: Naibu Waziri angefika Alhamisi ya wiki inayofuata. Angekuta lenta, fedha zingekuja. Angekuta ukuta wa kiunoni wenye majani, mbunge angeaibika, fedha zingeenda kijiji kingine, na akina mama wa Lipembe wangeendelea kubebwa.

Jioni hiyo Notburga alipanda Ndembo. Kaka yake alikuwa anaanika kahawa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya ukuta, rudi na njia hiyo hiyo."

Notburga alikuwa amejiandaa kubembeleza. Badala yake akapandisha hasira. "Kaka, umesusa mpaka Dodoma wamesikia! Unataka Naibu Waziri aje apige picha na majani yako?"

"Apige. Aandike chini: mgongo wa choo."

Neno hilo lilimuuma Notburga, maana alijua kaka yake ana haki kidogo. Yeye pia ni binti wa Ndembo, na siku ya kuweka mlango alikaa kimya kwa kuogopa kuonekana anapendelea kwao. Akakaa chini kwenye jamvi la kahawa, hasira ikaisha, akasema polepole:

"Ramani ya halmashauri ilikuwa na milango miwili. Huu wa pili ni wa wazazi, ili anayejifungua asipite katikati ya wanaokohoa. Tuliuacha ili kuokoa mbao. Tumekosea. Uwekwe, na uwekwe kwenye ukuta wenu."

Mansuetus aliendelea kugeuza kahawa. Aligeuza mpaka ile iliyokwisha kugeuzwa.

"Kwa hiyo kila mtoto wa Lipembe atatokea upande wetu?"

"Kila mmoja. Hata wa Kihulu."

Mzee akajikaza asicheke, akashindwa. "Hata wa Kihulu," alirudia, akaona utamu wake. Kisha akasimama mlangoni pake akaita ngokela, ile kazi ya pamoja ambayo mwenyeji hutoa chakula na pombe na majirani hutoa nguvu zao.

Asikuambie mtu, siku zile Lipembe haikulala kwa maana ya kulala. Kahawa iliiva ikasubiri. Watu wa Ndembo walikuja na miiko, na kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, migongo mingine mitatu ikaja bila kuitwa. Wanawake walipandisha tofali kichwani wakiimba, Adrian alichota maji bila kusema neno, na Lusekelo alivua viatu vyake vya ofisini akakoroga zege mpaka akafanana na jengo. Jumapili padri alikata mahubiri nusu, akasema sehemu iliyobaki waihubiri kwa mikono. Fundi Romanus alikuwa anapiga kelele tofali zisikimbizwe, ukuta una mwendo wake. Notburga alikuwa kila mahali, sauti imemkauka, moyo unamdunda kama wa msichana wa ngoma. Alikuwa na furaha tupu, na hofu tupu, vyote kwa pamoja.

Nondo zilifungwa Jumanne. Jumatano jioni waliimwaga lenta, ikazunguka kuta zote nne bila kukatika.

Alhamisi magari yalipanda na vumbi lake. Naibu Waziri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho yanayopitia kila kitu mara mbili. Alilizunguka boma, mbunge akiwa nyuma yake anatabasamu, akasimama kwenye ukuta wa nne.

"Na huu mlango wa nyuma?"

"Si wa nyuma, Mheshimiwa," Mansuetus aliwahi kabla ya mtu yeyote. "Wa kuzalia. Huku ndiko mbele."

Naibu Waziri alicheka. Kisha akainua mkono akashika mbao zilizofunga lenta. Alipoushusha, vidole vyake vilikuwa na maji ya saruji.

"Hii imemwagwa lini?"

Mbunge alitazama viatu vyake. Notburga aliona njia mbili, na zote zilikuwa na shimo: akisema kweli, huenda fedha zinaondoka na yale magari, akisema uongo, yule mama ana ushahidi vidoleni. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na hapo ndipo penyewe pa kuzaa.

"Jana jioni, Mheshimiwa."

"Na siku niliyojibu bungeni?"

"Ukuta huu ulikuwa unaishia hapa." Notburga akajigusa kiunoni. "Mbunge hana kosa, aliambiwa na sisi. Na sisi tulikuwa tumegombana. Lakini ulipojibu tulikusikia. Mimi nilikuwa nachuma kahawa, nikakusikia ukisema Lipembe wamefanya kazi nzuri, na kazi yenyewe ilikuwa haijafanyika. Tukaona haya. Tukaifanya."

Naibu Waziri alizipitia nyuso, za migongo yote minne, zote na saruji kwenye nyusi. Akamwomba msaidizi wake kalamu.

"Siwezi kuandika kwamba lenta ilikuwepo," alisema.

Notburga aliegemea ukuta.

"Nitaandika kwamba ipo. Fedha zitakuja."

Vigelegele vilipasuka kutoka kila upande, Mansuetus akamkumbatia mzee wa Kihulu aliyekuwa hajamsalimu tangu mwaka jana. Notburga peke yake hakupiga kigelegele. Aliketi juu ya tofali zilizobaki, akajifunika uso kwa kanga, akamlilia jirani yule aliyemfunga kidevu, kwa sauti, mbele ya Serikali na kijiji kizima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.