Fimbo ya Shemeji Niliitoa Mimi, Halafu Nikamsamehe

Mwenzenu nina kosa. Si la kuiba wala la kuzini, maana hayo watu wanayaelewa. La kwangu ni la fimbo ya gofu. Cheka kwanza, mimi nasubiri.

Umemaliza? Haya.

Naishi huku milimani Usambara, kwenye shamba la chai, mwendo wa saa nzima na ushei kutoka Lushoto mjini kama njia haijateleza. Shule niliishia kidato cha pili, mimi na hesabu tuliachana kwa amani. Kiwandani ni fundi msaidizi. Yaani fundi akilala chini ya mashine, mimi namshikia tochi.

Miaka ile serikali ilipoanza kuuza mashamba, letu likachukuliwa na tajiri, akatuletea meneja mpya kutoka Nairobi. Meneja akakuta kiwanja cha gofu cha wazungu wa zamani, mashimo sita, mbuzi wanakula humo kama kwao. Akafyeka. Stoo ikafunguliwa, zikatoka fimbo zenye kutu, akasema mfanyakazi anayetaka ajifunze. Kipindi kile watu walikuwa wanapunguzwa kazini. Tulitaka wote!

Baada ya miezi michache akatupa kila mtu handikapu yake. Yangu thelathini na sita. Nikakimbia nyumbani kumwambia mke wangu nimepata thelathini na sita. Akauliza, "Kwa ngapi?" Sikujua. Kesho yake ndiyo nikaelezwa kuwa handikapu ni idadi ya mapigo unayosamehewa kwa sababu hujui. Thelathini na sita ndiyo mwisho, zaidi ya hapo unashauriwa kufuga kuku.

Sasa shemeji. Ni mdogo wake mke wangu, nitamwita Athumani ingawa si jina lake. Kazi yake kupogoa chai na kuzibua mitaro. Handikapu yake ishirini na nane, kijana mtulivu, mikono kama mizizi.

Athumani alikuwa na mchumba kule Mtae, binti anaitwa Mwanaidi. Wamependana, wazazi wameshaonana, kila kitu sawa isipokuwa kitu kimoja. Baba wa binti alikataa mbuzi. Alisema mbuzi anao, anataka mtamba wa kisasa, ng'ombe wa maziwa. Na huku nyuma kulikuwa na mfanyabiashara mwenye pikapu, anapeleka kabichi na karoti Dar, naye kila akipita Mtae anapiga honi mbele ya nyumba ile. Mzee akampa Athumani mpaka Ramadhani ianze.

Mtamba Athumani angemtoa wapi? Mshahara wa kupogoa chai haununui hata mkia.

Ndipo meneja akatangaza mashindano ya kufungua kiwanja. Zawadi, mtamba mmoja kutoka zizi lake!

Masharti: mnacheza wawili wawili, mnapokezana, huyu anapiga na yule anapiga, mpira ni huo huo. Kila jozi mfuko mmoja, fimbo saba. Ukizidisha unatolewa.

Tukakubaliana mbele ya mke wangu. Tukishinda, ng'ombe wa Athumani, mimi nitakula pilau ya harusi. Mke wangu akaniangalia, akasema, "Baba Halima, usimharibie mdogo wangu." Nikamjibu, "Mimi?" Kwa mshangao kabisa.

Athumani alichagua fimbo wiki nzima. Alisema, "Shemeji, sisi kupiga mbali hatujui. Bora tujue kutoka mtaroni." Akachagua zile fupi fupi. Ya kwanza kabisa ilikuwa chuma kimoja kizito, uso umelala nyuma, tulikiita Jembe. Kwa Jembe, Athumani alikuwa anautoa mpira kwenye tope, kwenye chai, kwenye magugu, unaruka kama chura na kutua pale anapotaka. Kwake ilikuwa ni kulima tu.

Aliyoikataa ni ile ndefu ya mti, kichwa kama kiazi kitamu. Tulimwita Mkubwa.

"Mkubwa abaki, shemeji."

"Abaki tu," nikasema.

Jamani, mimi nilikuwa nampenda Mkubwa! Niliwahi kumpiga vizuri mara moja. Mara moja tu, siku ya mazoezi. Mpira ulikwenda, ukakwenda, ukapotea kwenye ukungu. Aliyeshuhudia ni mbuzi, na hata yeye alikuwa ameinamia majani. Tangu siku ile nikawa naota kuurudia ule mpira mbele ya watu.

Asubuhi ya mashindano Athumani akaja kwangu na mfuko ameshaupanga. Akauweka ukumbini, akaingia jikoni kunywa chai na dada yake. Mimi nikautazama ule mfuko. Nikachomoa Jembe, nikalisukuma kwenye banda la kuku. Mkubwa nilikuwa nimeshamkopa stoo tangu juzi. Nikamviringishia mwavuli wa mke wangu, nikamtumbukiza mfukoni.

Athumani akatoka anafuta mdomo. "Na huo?"

"Mwavuli. Si unaona hali ya hewa?"

"Umefikiri vizuri, shemeji."

Shimo la tatu mvua ikaanza.

"Shemeji, fungua mwavuli."

"Hii si mvua. Ni ukungu."

"Shemeji, inatiririka kwenye shingo."

"Ukungu wa huku mzito. We mgeni hapa?"

Tukalowa wote wawili. Mfuko nimeubeba mimi, fimbo natoa mimi, yeye anapokea tu. Na Mungu ana mambo yake, mashimo matano hatukuingia mtaroni hata mara moja! Haijawahi kutokea. Tulifika shimo la sita tunaongoza, tumepiga pigo moja pungufu ya karani wa mizani na mwenzake, maana kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Shimo la sita ndilo la mwisho na ndilo fupi kuliko yote. Kibendera kiko pale unakiona, mbele yako mtaro, basi. Unapiga kidogo, unavuka. Wachuma chai wamejipanga ukingoni na vikapu vyao. Meneja kwenye kiti. Mke wangu na kanga mpya. Na baba yake Mwanaidi ametoka Mtae tangu alfajiri, yuko kando na yule mtamba, anamkagua meno.

Zamu ya kuanza ilikuwa yangu.

Nikafungua mwavuli. Wachuma chai wakadhani najikinga mvua. Akatoka Mkubwa.

Athumani akatoa macho. "Shemeji! Huyu ametoka wapi?"

"Asubuhi nilihesabu fimbo nikakuta sita. Nikasema tujaze nafasi."

"Sita? Mbona niliweka saba..."

"Sita, shemeji."

Akakuna kichwa. Kisha akasema polepole, "Haya. Lakini usimtumie hapa. Hapa ni karibu."

Mwanamke mmoja kule ukingoni akapaza sauti, "Fundi, hicho ni kichwa cha nani?" Wakacheka. Bwana, nikajiona nina watu. Nikapiga.

Mpira ulitoka vizuri. Tatizo lilikuwa upande. Ukagonga nguzo ya chuma ya bomba la maji, ukarudi, ukashuka mtaroni taratibu kama unaingia nyumbani kwake.

Athumani hakulalamika. Alikunja suruali. "Si neno, shemeji. Huku ni kwetu. Nipe Jembe."

Nikainama kwenye mfuko. Nikatafuta. Nilitafuta kwa bidii sana kitu nilichojua kiko kwa kuku.

"Shemeji, Jembe halimo."

"Halimo?"

"Kwani uliliweka?"

Hapo ndipo nilipomwua. Nilimwona anafikiri, anarudi nyumbani kwake kwa mawazo, anatazama kila kona. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani nimeliweka."

Akapiga kwa chuma chembamba, tope likaruka, mpira ukabaki. Zamu yangu, nikauzamisha. Akapiga tena. Mara ya tano ndiyo tukatoka. Karani wa mizani akashinda kwa mapigo matatu, akapewa kamba ya ng'ombe.

Mzee wa Mtae akafuta mikono kwa kitambaa, akauliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi.

Ningesema pale pale, ningetukanwa, yangeisha. Unajua nilifanya nini? Watu walipokwenda kunywa soda kwa meneja, nikasingizia tumbo. Nikakimbia nyumbani, nikachukua Jembe, nikalifuta kinyesi cha kuku, nikaenda nalo chumbani kwa Athumani. Nikalisimamisha nyuma ya mlango wake.

Kesho yake asubuhi akaja nalo mkononi. Macho mekundu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Lilikuwa nyuma ya mlango wangu. Mimi ni mjinga, shemeji. Umehangaika na mimi miezi yote hii, nimekuangusha mbele ya watu. Naomba unisamehe."

Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto, nikamsamehe! Nikamwekea mkono begani. Tena nikamshauri siku nyingine awe makini.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Mchana akachinja kuku. Akaniambia, "Sikujua una moyo wa namna hii." Nikala. Paja nilipewa mimi.

Mwanaidi aliolewa kabla ya Ramadhani. Pikapu ilifungwa maua mpaka kwenye honi.

Hapo ningesema basi, maumivu ya mapenzi yanapoa. Lakini sikilizeni kilichofuata. Mwaka jana meneja alitaka kumpa Athumani funguo za stoo ya mbolea. Cheo kile! Nyumba ya kampuni, mshahara mara mbili, na mzazi gani angemnyima binti? Athumani akakataa. Alisema, "Asante bosi, lakini mimi ni mtu wa kusahau." Kijana ambaye hajawahi kusahau hata siku ya kuzaliwa ya ng'ombe wa jirani! Siku hizi akifunga mlango anarudi mara mbili kuutikisa. Akija kwetu anahesabu viatu vyake, viko viwili.

Na mke wangu bado ananitolea mfano kwa majirani.

Sasa wewe unayeanza gofu, handikapu yako kubwa kama yangu, beba fimbo unazoziweza. Zile za kupendeza mbele za watu waachie wanaojua. Lakini hilo dogo. Kubwa ni hili: mtu akija kukuomba msamaha, kabla hujamwekea mkono begani, hakikisha kosa ni lake.

Athumani anapenda sana ukurasa huu. Kila Jumapili anakuja kumsomea dada yake kwa sauti, wanacheka mpaka chai inapoa, na mimi ndiye ninayetumwa Lushoto kuleta gazeti. Barua hii ikitoka, nitalileta kama kawaida na kumkabidhi mwenyewe. Jina sijaandika, ila atanijua mapema tu. Nitakaa hapo hapo kwenye kigoda mpaka amalize kusoma. Banda la kuku nimeshaliangalia kama naweza kujificha humo, sienei.