Kazi Aliyoifanya Mke Wangu

Kwenye msiba wa mke wangu, hapa mtaani kwetu Turffontein, kaka yake alinivuta pembeni.

“Shemeji, ukisoma wasifu, sema aliuza vitenge tu. Wachungaji wamejaa.”

Wakati wa wasifu ulipofika, nilisimama nikasema ukweli: marehemu aliigiza filamu za ngono enzi za kanda za video, akatumia jina lake halisi, akaacha alipochoka, ndipo akaanza kuuza vitenge. Aliniambia mwenyewe kabla sijamwoa. Sikuona kwa nini niufiche leo.

Kisha mama mmoja wa kwaya akasema, “Eish! Ndiyo maana kwenye harusi ya binti yangu alimfundisha mpiga video kazi!”

Kicheko kikazuka. Shemeji hakucheka, ila alinishika mkono tukaongozana kwenda makaburini.